Kutafuta Gari la Kukokota Farasi, Kutoka Barka Hadi Sharjah

Pwani ya Batina, katika nchi ya Omani, ni ukanda wa mitende na mashamba ya ndimu uliolala baina ya bahari na milima ya Hajar, na mtu aliyezaliwa Unguja akipita humo kwa mara ya kwanza aghalabu hushangazwa na jambo moja ambalo hadithi za wazee hazikumweleza: kwamba nyuma ya kuta za mashamba, mahali ambapo kwetu angalitazamia kuona ng'ombe wawili watatu au punda wa kubebea mchanga, humo wamefungwa farasi. Si farasi wa kulimia wala wa kuchukulia mizigo, bali ni wa mbio na wa ardha, yaani ule mchezo wa kale ambao wapandaji wawili huwatoa farasi wao kwa kasi bega kwa bega, hata wakifika katikati ya uwanja mmoja wao husimama wima juu ya mgongo wa mnyama wake huku ameshikana mkono na mwenziwe. UNESCO iliitia ardha ya farasi na ngamia katika orodha ya turathi za wanadamu mwaka 2018. Watu wa Batina, kwa insafu, hawakuingoja orodha hiyo ili wajue thamani ya kitu chao.

Mchezo huo ndio uliotupeleka Sharjah. Maadamu ardha haichezwi kwa farasi mmoja, mwenye kuipenda hana budi kufuga wawili waliozoeana mwendo, na maadamu viwanja viko mbalimbali, mara Barka penye uwanja wa Rahba, mara Suwaiq, mara upande wa Sharqiya, hana budi pia kuwasafirisha wawili hao kwa pamoja. Mtoto wa ami yangu, ambaye aila yake iliondoka Unguja baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 na kurejea Omani katika miaka ya 1970, wakati Sultani Qaboos alipowaita watu wa asili ya nchi ile waliotawanyika Afrika ya Mashariki waje kuijenga, ana shamba dogo nje ya mji wa Barka na farasi majike wawili wa Kiarabu. Kwa muda mrefu alikuwa akikodi lori kila penye shughuli, na kila akikodi alilalamika. Kisha Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimuuzia tela la farasi wawili lililoundwa Uingereza, zuri, la mlango wa kuteremka nyuma, na hapo ndipo matatizo yake yalipoanza, kwa kuwa gari alilokuwa nalo lilikuwa dogo la kuendea sokoni na kazini.

Nilikuwa nimekwenda kumzuru. Alinieleza kwamba zamani mtu angaliweza kulipata gari Maskati penyewe, katika soko la Ijumaa la Wadi Kabir, walipokuwa wakikutana wauzaji na wanunuzi wa kila namna. Lakini sasa watu wengi wa Batina huvuka mpaka kwenda Sharjah, ambako biashara ya magari yaliyokwisha tumika ilisongamana zamani katika mtaa wa Abu Shagara hata ikawa kero kwa wakaazi, ikahamishiwa katika soko kubwa la Haraj lililojengwa kwa ajili hiyo nje ya kitovu cha mji. Akanitaka tufuatane. Mimi sina ilimu ya magari wala ya farasi, na nadhani alinichukua kwa ajili ya mazungumzo ya njiani. Mwenye ilimu tulikuwa tumchukue Sohar.

Tuliondoka kabla ya alfajiri, tukasali njiani, na jua lilipotoka tulikuwa tumeshaziacha Suwaiq na Khabura nyuma yetu, milima ikiwa mkono wa kushoto na bahari mkono wa kulia, haionekani lakini harufu yake ikiingia dirishani. Ni njia ndefu iliyonyoka, na katika njia iliyonyoka fikira huenda zinakotaka. Nilikumbuka kwamba watu wa pwani hizi walikuwa wakisafirisha farasi karne nyingi kabla ya kujua kwamba kutakuwa na kitu kiitwacho tela. Ibn Batuta, aliyepita Dhofar katika karne ya 14, ameeleza kwamba farasi bora walikuwa wakichukuliwa kutoka huko kwenda Bara Hindi, na Marco Polo kabla yake alisema vivyo hivyo juu ya bandari ya Qalhat, ambayo leo ni magofu. Na merikebu ya Seyyid Said bin Sultan, iitwayo Sultana, ilipotia nanga New York mwaka 1840 chini ya uongozi wa Ahmad bin Naaman, miongoni mwa hidaya alizoletewa Rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Niliwafikiria wanyama wale, miezi baharini, miguu juu ya mbao zinazoyumba, na nilijiuliza nahodha alitazama nini kwanza alipokuwa akichagua mahali pa kuwasimamisha. Swali hilo nililiweka moyoni, nalo lilijibiwa siku ile ile, ingawa aliyejibu hakuulizwa.

Fundi wetu alikuwa akitungoja mlangoni pa karakana yake Sohar, mzee mwembamba mwenye kofia ya Kiomani na miwani iliyofungwa uzi. Alizaliwa Ng'ambo, Unguja, akajifunza kazi ya magari huko akiwa kijana, na Kiswahili chake kimebaki kama kilivyotoka kule, kwa lafudhi na maneno ambayo hata sisi tuliobaki tumeanza kuyasahau.

"Shikamoo, mzee," tulimwamkia.

"Marahaba wanangu. Mmekunywa kahawa?"

Hatukuruhusiwa kuondoka mpaka kahawa na halua zilipoletwa, na baada ya hapo, tulipokwisha ingia garini na kushika njia ya Shinas, alimgeukia ndugu yangu akamwuliza tela lake lina uzito gani. Ndugu yangu, ambaye kwa majuma kadhaa alikuwa amejifunza habari za injini kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi juzuu, akaanza kumtajia silinda, lita na nguvu za farasi za magari anayoyataka. Mzee alimwacha amalize.

"Mwanangu," alisema, "nimekuuliza mzigo, umenijibu punda."

Basi hesabu ilifanywa njiani, mimi nikiwa karani. Tela tupu, kwa mujibu wa kibati kilichopigiliwa ubavuni pake, lilikuwa na kilo 950 hivi. Farasi wa Kiarabu si mkubwa. Hawa wawili, mmoja kilo 400 na mwenzake kilo 430 au karibu ya hapo. Matandiko, hatamu, majani makavu, ndoo, na mapipa ya maji, maana farasi wengi hukataa maji ya ugenini na mwenye busara huwachukulia ya nyumbani, kilo 120. Jumla kilo 1,900. Mzee alisema kwamba magari makubwa ya kupandia milima huruhusiwa na viwanda vyao, katika nchi nyingi, kukokota hadi kilo 3,500 ikiwa tela lina breki zake lenyewe, na kilo 750 tu ikiwa halina. Kwa hiyo, ukitazama kuvuta peke yake, karibu kila gari tutakaloliona sokoni litafaa, na kwa sababu hiyo hiyo kuvuta si jambo la kuulizia. Kuvuta ni kazi ya injini. Kuzuia mzigo usikusukume, usikuyumbishe, wala usikupindue ni kazi ya gari zima: uzito wake, urefu wake, breki zake, springi zake na magurudumu yake. Alitutajia kanuni ya makadirio ambayo Waingereza wenye matela huwapa wanaoanza, kwamba mzigo unaokokotwa usizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu linaloukokota, na kwa hesabu hiyo tulihitaji gari lisilopungua tani mbili na robo. Nusu ya magari aliyoyahifadhi ndugu yangu yaliondoka hapo hapo.

Tulivuka mpaka Khatmat Malaha, tukapita Kalba, kisha tukashika barabara iendayo Sharjah kupitia Wadi al-Hilo na tundu lake refu lililotobolewa ndani ya jabali. Juu ya safari hiyo sina la kueleza zaidi, ila kwamba mzee alilala.

Soko lile ni la ajabu kwa ukubwa. Ofisi na viwanja vya maonyesho vimepangwa safu kwa safu, magari yameoshwa hata yanaumiza macho, na madalali wa Kipakistani, wa Kiirani, wa Kiarabu na wa Kihindi huzungumza lugha nne katika sentensi moja. Gari la kwanza tuliloonyeshwa lilikuwa Nissan Patrol ya milango miwili, nyeupe, injini ya lita 4.8, imenyanyuliwa juu kwa springi ndefu na kuvishwa matairi mapana ya kupandia mchanga. Ndugu yangu aliipenda kwa jicho la kwanza. Vijana wote wa Ghuba huipenda, na hupanda nayo vilima vya mchanga siku za Alhamisi jioni kwa vishindo vinavyosikika mbali. Mzee alitoa utepe wa kupimia, akamshikisha dalali ncha moja katikati ya gurudumu la mbele, naye akaenda na ncha ya pili mpaka gurudumu la nyuma: milimita 2,400.

"Fupi," alisema.

Alitueleza, na dalali akisikiliza kwa adabu asielewe neno, kwamba tela likianza kuyumba kwa upepo au kwa kupitwa na lori, hulishika gari kwa mkia na kulizungusha, na kadiri magurudumu ya mbele na ya nyuma yanavyokaribiana ndivyo gari linavyozunguka upesi kabla dereva hajatanabahi. Patrol hiyo hiyo ya milango minne ina milimita 2,970, na tafauti hiyo ni tafauti ya kurudi nyumbani na kutorudi. Kunyanyuliwa kwake nako kulikuwa dhara juu ya dhara, kwa kuwa gari lililopandishwa huyumba zaidi na huinua pua ya tela. Na injini iliyokwisha kimbizwa mchangani kila wiki, alisema, ina umri ambao saa ya kilomita haiujui.

La pili lilikuwa la Kimarekani, gari la kubebea mizigo la milango minne, refu, kubwa kupita kiasi, na lilikuwa na kila kitu: mhimili wa kukokotea nyuma, tufe la chuma tayari, soketi ya taa, hata kile kisanduku kidogo cha kuamrishia breki za tela kilichofungwa chini ya usukani. Bei yake ilikuwa rahisi mno, na urahisi huo ndio uliomfanya mzee avae miwani yake vizuri. Kwanza alituonyesha kwamba vitu vyote vile vilikuwa vya tela la mtu mwingine. Matela ya Kimarekani yana breki za umeme, ambazo haziendi bila ya kile kisanduku. Tela la Kiingereza kama la ndugu yangu lina breki za kujisukuma, yaani gari likipunguza mwendo tela husogea mbele, kichwa chake hubonyea ndani, na kwa kubonyea huko huvuta nyaya zinazokaza breki za magurudumu yake, bila ya umeme wowote. Tufe lililokuwapo lilikuwa la inchi mbili na zaidi ya robo, nalo tela letu lilitaka la milimita 50. Kisha aliingia ndani, akafunua zulia chini ya kiti cha nyuma, akapitisha kidole katika reli ambayo kiti huteleza juu yake, akakitoa kidole na kutuonyesha.

Palikuwa na udongo mwembamba wa kijivu, laini, uliokauka ndani ya pembe ambayo hakuna mguu wa mtu unaofika, na chini ya udongo kutu. Gari lile lilikuwa limezama katika maji, likauzwa mnadani huko lilikotoka kwa bei ya vyuma, likavuka bahari, likaoshwa na kupakwa marashi ya ngozi. Magari ya namna hiyo huja Ghuba kwa wingi, na si kila muuzaji huificha asili yake. Huyu aliificha, na mzee alipomwuliza kwa Kiarabu cha upole ikiwa gari limewahi kuona mvua kubwa, aliapa. Tulimwacha na kiapo chake. Ni juu ya mnunuzi kuitazama namba ya shasi, ambayo ikianza na tarakimu 1 gari limeundwa Marekani na ikianza na herufi J limeundwa Japani, na kama ni la Marekani atafute historia yake kabla ya kutoa hata senti.

Mchana ule tulitazama mengine, ambayo sitayaeleza, ila moja. Lilikuwa Toyota Land Cruiser, la jamii iliyoundwa baina ya mwaka 1998 na mwaka 2007, safi, la mmiliki mmoja kwa maelezo ya muuzaji, na lilikuwa na mhimili wa kukokotea uliofungwa kwa ustadi. Ndugu yangu alitabasamu. Mimi nami, nikiwa nimeanza kujidhani mwanafunzi hodari, nilisema kwamba mhimili ule utatupunguzia gharama. Mzee hakujibu, alilala chini chali juu ya gazeti, akawasha kurunzi, na baada ya muda akaniita nami nilale. Ekseli ya nyuma, mabomba ya breki na sahani za nyuma zilikuwa zimeliwa na kutu yenye mapovu, ilhali upande wa mbele chuma kilikuwa kikavu na kizima. Gari hilo lilikuwa likikokota mashua. Kila Ijumaa lilirudishwa kinyumenyume baharini mpaka ekseli ikazama katika maji ya chumvi, mashua ikaelea, kisha likapanda tena kwa kuvuta, magurudumu yakiteleza, giaboksi ikichemka. Mhimili wa kukokotea katika gari lililotumika, alisema mzee akijikung'uta vumbi, usiuhesabu kuwa ni zawadi. Ni ushahidi wa kazi, na kazi hiyo uijue kwanza.

Jambo hili naliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote niliyojifunza safarini, kwa kuwa ni kinyume cha akili ya kawaida ya mnunuzi. Sote tuliingia sokoni tukitafuta gari lililokwisha onyesha kwamba linaweza kukokota, nasi tulipaswa kutafuta gari lenye uwezo huo ambalo halijawahi kutumwa kazi hiyo na mtu yeyote.

Tulilipata karibu na saa kumi. Lilikuwa Land Cruiser pia, ya mwaka 2002, rangi ya mchanga, zulia limechakaa, kilomita 312,000, halina mhimili wala dalili ya tundu la msumari mahali ambapo mhimili ungefungwa. Dalali hakulisifu sana, na hilo lilikuwa jema. Injini yake ni ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 4.5, na mzee alipendelea hiyo kuliko ya silinda nane iliyokuwa katika gari la mashua, si kwa nguvu, maana ile ina nguvu zaidi, bali kwa sababu hii huendeshwa ndani kwa mnyororo na ile kwa mkanda, na mkanda usiobadilishwa kwa wakati wake ni deni ambalo muuzaji humwachia mnunuzi. Masafa baina ya ekseli zake ni milimita 2,850. Uzito wake tupu ulitosha kwa kanuni ya asilimia 85, ingawa si kwa wingi.

Hapa mzee hakuwa na haraka tena. Aliiwasha injini, akaacha gari likae juani na kipoza hewa kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho, nasi tukaenda kunywa chai. Tuliporudi mshale wa joto ulikuwa pale pale tulipouacha. Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, akakipangusa katika leso nyeupe aliyokuja nayo kwa kazi hiyo, akaitandaza leso juu ya boneti: doa jekundu, safi, lisilo na weusi ukingoni. Akainusa, akanipa niinuse. Mafuta ya giaboksi yaliyoungua, alisema, yananuka mithili ya ubani uliomwagiwa maji, na giaboksi ndiyo inayokufa kwanza katika gari la kukokota, wala si injini, kwa sababu katika mlima joto jingi la kazi huingia humo. Matairi aliyakataa yote manne, ijapokuwa yalikuwa na kina kizuri: ubavuni palikuwa na tarakimu 1115, maana yake yameundwa juma la 11 la mwaka 2015, na mpira uliokaa miaka mingi katika jua la Ghuba hupasuka kwa ndani kabla ya kupasuka kwa nje. Kukataa huko kulipunguza bei. Muuzaji alitaka dirham 24,000. Baada ya matairi, baada ya leso, baada ya kuondoka na kuitwa turudi, tukakubaliana kwa dirham 21,000.

Karatasi za kulitoa gari nchini, vibao vya muda na bima ya safari vilichukua asubuhi iliyofuata, na jioni tulikuwa Sohar, ambako gari lilibaki karakanani. Mzee aliliundia mhimili, akafunga mbele ya rejeta kipoza cha pili kwa ajili ya mafuta ya giaboksi, akaleta matairi mapya. Kimo cha tufe alikipima mara nyingi, kwa kuwa Land Cruiser ni gari la juu na tela la Kiingereza linataka tufe liwe kiasi cha milimita 350 hadi 420 kutoka ardhini. Likizidi hapo tela huelekea juu kwa mbele, ekseli ya nyuma hubeba peke yake, na uzito unaopaswa kulikalia tufe hupungua, nalo tela lisiloegemea gari vya kutosha ndilo liyumbalo. Uzito huo wa juu ya tufe ulipimwa Barka kwa mizani ya kupimia watu na kigongo cha mti, na haukupita kilo 150 ambazo tela huruhusu.

Kabla ya farasi kupandishwa, mzee aliyekuwa amekuja Barka kwa hisani yake alitaka mimi na ndugu yangu tuingie ndani ya tela, tusimame pale wanaposimama farasi, naye akashika usukani akatuzungusha ndani ya shamba kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Ndani hakuna dirisha la kuona mbele. Ghafula gari lilikata kona, nami nilirushwa kwenye ubao wa katikati. Kisha likafunga breki, nikashika mhimili wa kifuani kwa mikono yote miwili, viatu vikiteleza juu ya mpira, na nilikuwa bado sijasimama vizuri likaondoka tena. Niliposhuka miguu ilikuwa ikitetemeka. Farasi hana mikono ya kushikia, haoni kona inakuja, na kwa muda wote wa safari, hata njia ikiwa nzuri, hufanya kazi ya misuli asiyoionyesha kwa mtu. Nilifahamu hapo kwa nini mzee hakutaka kusikia habari za silinda.

Jaribio la mwisho lilikuwa la mifuko ya mchanga, kilo 830, iliyopangwa pale wanaposimama wanyama, tukapanda nayo barabara ya Nizwa kupitia Fanja na Bidbid kuelekea pengo la Sumail, kipoza hewa kikiwa kimefungwa na madirisha wazi katika joto la kuchoma. Mshale ulipanda kidogo, ukatulia. Katika kuteremka mzee alimfundisha ndugu yangu kushusha gia kabla ya mteremko na kuiacha injini ishike mzigo, ili breki ziwe baridi siku zitakapohitajika. Baada ya hapo mchanga ulitolewa, wakapandishwa farasi, yule mzito upande wa kushoto, maana Omani magari hupita kulia na barabara huinamia ukingoni, kwa hiyo mzigo mkubwa huwekwa upande wa katikati ya njia. Kwetu Unguja, ambako hupitwa kushoto, ingalikuwa kinyume chake. Saisi aliwafunga kwa kamba ndefu kiasi cha kuwaruhusu kuinamisha vichwa, kwa sababu farasi aliyefungwa kichwa juu kwa saa nyingi hawezi kukohoa vumbi la majani na aghalabu hupata homa ya mapafu.

Walifika Rahba wakiwa wakavu, hawana jasho, na wakala majani pale pale uwanjani, jambo ambalo saisi alisema hawakuwahi kulifanya walipokuwa wakisafirishwa kwa lori. Ndugu yangu naye alikuwa na furaha mpaka alipotakiwa arudi nyuma kuegesha. Kurudi nyuma na tela hutaka usukani uzungushwe kinyume cha unakotaka kwenda, na hilo hatukuwa tumelifanyia mazoezi hata kidogo. Alijaribu mara nyingi, lango la uwanja likazibika, magari ya wageni yakapanga mstari hadi barabarani, na hatima yake vijana wa uwanja walilifungua tela kutoka katika tufe na kulisukuma kwa mikono hadi mahali pake, farasi wakiwa bado ndani, wanakula.